Seli Shina za Kiinitete na Swali la Utu

Seli shina za kiinitete huchukuliwa katika kiinitete cha binadamu chenye umri wa siku tano au sita, ambacho bado hakijajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Katika hatua hiyo kiinitete ni kitu cha mviringo chenye uwazi ndani, kidogo kiasi kwamba jicho tupu hukiona kwa shida. Kina seli zipatazo mia moja hadi mia mbili. Tabaka lake la nje ndilo linalokuja kutoa kondo la nyuma. Ndani, upande mmoja, kuna kishada cha seli ambazo zikiachwa zikue ndizo zitakazotoa ubongo, moyo, damu, mifupa na ngozi. Seli hizo bado hazijapewa kazi maalumu. Zikitunzwa vizuri maabara huweza kugawanyika miaka nenda miaka rudi, na huweza kuelekezwa ziwe seli za aina yoyote ya mwili.

Watafiti wa Cambridge na San Francisco walizipata seli za namna hii kwa panya mwaka 1981. Za binadamu zilipatikana miaka 17 baadaye. Novemba 1998 James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, walitangaza kuwa wamefaulu. Walitumia viinitete vilivyotungwa katika kliniki za kutibu ugumba na kutolewa na wenyewe kwa ridhaa yao. Namna kazi ilivyofanyika inaonyesha mjadala wote unatoka wapi. Tabaka la nje la kiinitete liliyeyushwa kwa kingamwili, kishada cha ndani kikabaki peke yake, kisha kikalazwa juu ya tandiko la seli za panya zilizokisaidia kuendelea kuishi. Vishada 14 vilitengwa hivyo, na kutokana navyo zikapatikana nasaba tano za seli. Nasaba hizo zilisambazwa katika maabara nyingi duniani na zimeendelea kugawanyika tangu wakati huo. Viinitete vilivyozitoa havikubaki.

Seli hizi zinatafutwa kwa sababu nzito. Mgonjwa wa Parkinson hupoteza seli za ubongo zinazotengeneza dopamini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza amepoteza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Aliyeumia uti wa mgongo hukosa neva za kupeleka amri miguuni. Kwa watu hao dawa hutuliza dalili tu, lakini seli mpya huenda zikarudisha kile kilichopotea. Kumponya mgonjwa ni wajibu, na kutoua ni wajibu. Mambo hayo mawili yanagongana hapa ikiwa tu kiinitete ni kitu kinachoweza kuuawa kwa maana ile ile ya kumuua mtu. Kwa hiyo swali la kwanza la mjadala huu linahusu hadhi ya kiinitete, na maswali mengine yote hulifuata.

Hoja ya kwamba kiinitete ni mmoja wetu

Wanaoupinga utafiti huu huanza na jambo ambalo biolojia yenyewe inalikubali. Yai la mama na mbegu ya baba vinapoungana, hutokea kiumbe kipya chenye jeni zake, kisicho sehemu ya mwili wa mama wala wa baba. Kinakua kwa mpango ulio ndani yake. Katika safari yake hakuna mahali ambapo mtu anaweza kuweka alama na kusema kwa hakika kwamba kabla ya hapa hakikuwa binadamu na baada ya hapa ni binadamu. Kila mtu mzima aliwahi kuwa kiinitete. Akili, fahamu na uwezo wa kusikia maumivu haviwezi kuwa kipimo cha utu, kwa sababu kwa kipimo hicho mtoto mchanga, mtu aliyezimia na mzee aliyepotewa na kumbukumbu wote wangepungukiwa utu.

Nguvu ya hoja hii ni kukataa kwake kuwapanga binadamu kwa madaraja. Historia ya utafiti wa tiba inaipa uzito. Huko Tuskegee, Alabama, wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972 ili madaktari waangalie ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana. Katika matukio ya namna hiyo sababu huwa ni ile ile: maarifa yatawafaa wengi, na hawa wachache hawahesabiki sana. Anayekikinga kiinitete anahofia kwamba sababu hiyo imerudi, safari hii ikiwalenga wasioweza kusema lolote.

Kanisa Katoliki limeushikilia msimamo huu kwa uwazi kuliko taasisi nyingine yoyote. Waraka wa Donum Vitae wa 1987 ulifundisha kwamba binadamu aheshimiwe kama mtu tangu kutungwa kwake, na waraka wa Dignitas Personae wa 2008 ukarudia fundisho hilo kwa kutaja seli shina. Kanisa halidai kwamba sayansi imethibitisha ni lini roho inaingia. Linasema kwamba hata palipo na shaka, shaka hiyo yatosha kuuzuia mkono: mwindaji asiyejua kama kinachotikisika kichakani ni mnyama au mtu hana ruhusa ya kufyatua risasi.

Hoja ya kwamba hadhi hukua hatua kwa hatua

Upande wa pili unakubali kwamba kiinitete ni uhai wa binadamu, lakini unakana kwamba tayari ni mtu mwenye haki kamili. Unaleta mambo matatu. Kwanza, hadi kufikia wiki mbili hivi kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kikawa pacha. Ikiwa kilikuwa mtu mmoja tangu siku ya kwanza, ni vigumu kueleza mtu huyo amekwenda wapi pale wanapotokea wawili. Pili, kiinitete cha siku tano hakina hata seli moja ya neva. Hakioni, hakisikii maumivu, hakitaki kitu. Tatu, viinitete vingi hupotea vyenyewe kabla mama hajajua kuwa ana mimba, na hakuna jamii inayoviwekea matanga.

Majibu ya wapinzani hayapuuziki. Kugawanyika baadaye hakuthibitishi kwamba hapo awali hakukuwa na mmoja. Wingi wa vifo vya asili nao hauhalalishi kifo kinachosababishwa: katika karne zilizopita watoto wengi sana walikufa wachanga, na hilo halikumpa mtu yeyote ruhusa ya kumuua hata mmoja. Juu ya maumivu wanasema kwamba mtu aliyelazwa kwa nusukaputi hasikii kitu, na bado kumuua ni uovu. Kinachobaki ni uwezo wa kiinitete kuwa mtu. Kwa upande mmoja, uwezo wa kuwa kitu fulani hauleti haki za kitu hicho kabla hakijawa. Kwa upande mwingine, kiinitete hakisubiri kugeuzwa na mwingine; kinachokisukuma kukua kimo ndani yake, mradi kiwe tumboni. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloacha hoja wazi, kwa sababu kiinitete kilichoko kwenye kisahani cha maabara hakitakuwa mtoto bila mwanamke kuridhia kukibeba.

Uingereza ndiyo iliyoigeuza hoja ya hatua kuwa sheria. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili, alizaliwa Oldham Julai 1978. Mwaka 1982 serikali iliunda kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1984. Kamati hiyo haikujifunga kwenye swali la lini uhai unaanza, bali ilikwenda moja kwa moja kwenye swali la namna gani ni sawa kukitendea kiinitete. Ilipendekeza kwamba kiinitete kisitunzwe maabara zaidi ya siku 14, kwa kuwa karibu siku ya 15 hutokea mstari wa awali unaoonyesha mhimili wa mwili, na baada ya hapo pacha hawatokei tena kwa kawaida. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1990 na kuanzisha mamlaka ya kutoa leseni kwa kila utafiti. Mwaka 2001 kanuni zikapanuliwa ili kuruhusu utafiti wa magonjwa mazito, ukiwemo wa seli shina.

Kwa wafuasi wa Warnock mipaka hiyo ilikuwa namna ya kukiheshimu kiinitete. Wakosoaji waliuliza ni heshima gani hiyo anayopewa kiumbe ambaye mwishowe anavunjwa. Jibu la wafuasi hao ni kwamba heshima huonekana katika mipaka: kiinitete hakiuzwi, hakitumiki kwa jambo dogo, hakitumiki palipo na njia nyingine, na hakivushwi siku iliyowekwa. Jibu hilo linamtosha anayeamini kuwa hadhi huja kwa vipimo. Anayeamini kwamba haina vipimo halimpi kitu, kwa kuwa mtu haheshimiwi kwa kuuawa kwa utaratibu.

Mafundisho ya dini nyingine

Katika Uislamu mjadala unajengwa juu ya hatua za uumbaji. Sura ya Al-Muuminun inaeleza mtu anavyotoka katika tone la manii hadi pande la damu, pande la nyama, mifupa, kisha kiumbe kingine kabisa. Hadithi ya Ibn Masud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inazungumzia vipindi vya siku 40 kabla ya malaika kupuliza roho, na wanazuoni wengi wameifahamu kuwa ni baada ya siku 120. Wengine, wakitegemea hadithi nyingine ya Muslim, husogeza jambo hili karibu na siku ya 40. Kabla ya roho kupulizwa si kwamba kila kitu ni halali. Imamu al-Ghazali, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, alifundisha kwamba kuharibu kilichokwisha kutungwa ni kosa, na kosa hilo huzidi uzito kadiri hatua zinavyosonga.

Juu ya msingi huo Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lililokutana Makka Desemba 2003 liliruhusu seli shina zichukuliwe katika viinitete vilivyobaki baada ya matibabu ya ugumba, kwa ridhaa ya wazazi. Lilikataza kutunga viinitete kwa makusudi ya utafiti na kutumia mimba zilizotolewa kwa kukusudia bila sababu ya kisheria. Iran ilikwenda njia inayokaribiana na hiyo, na Taasisi ya Royan ya Tehran ikapata nasaba yake ya seli mwaka 2003. Katika Uyahudi, Talmudi inakihesabu kilichotungwa kuwa kama maji kabla ya siku 40, na wajibu wa kuokoa maisha hutangulia karibu amri zote. Ndiyo maana marabi wengi, hata wa mrengo mkali, wameuruhusu utafiti huu. Waprotestanti wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe.

Fikra za Kiafrika nazo zina la kusema. Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti alieleza kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika mtu hukamilika ndani ya watu: hupewa jina, huingizwa jandoni, huoa, huzeeka. Kwa mtazamo huo kiinitete ambacho hakuna aliyekipokea bado kiko mbali na utu. Lakini Mbiti huyo huyo alionyesha kwamba jamii inawajumuisha waliokufa na wasiozaliwa pia. Asiyezaliwa si mtu kamili, wala si kitu cha kutupwa; ni mwenzi anayesubiriwa. Msemo wa Waswahili kwamba mtu ni watu unaweza kushikwa na pande zote mbili, na ndiyo sababu hauwezi peke yake kulimaliza jambo hili.

Viinitete vilivyobaki

Katika kutibu ugumba mwanamke huchomwa sindano za homoni ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Hutungishwa maabara yakawa viinitete, kimoja au viwili hupandikizwa, na vilivyosalia hugandishwa katika naitrojeni kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Wanandoa wakishapata watoto wanaowataka hupewa fomu yenye njia nne: waendelee kulipia hifadhi, viyeyushwe na kutupwa, wapewe wanandoa wengine, au vipelekwe kwenye utafiti. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulihesabu viinitete karibu 400,000 vilivyogandishwa nchini humo, asilimia 2.8 tu ndivyo wenyewe walikuwa wameviweka kwa ajili ya utafiti. Agosti 1996 Uingereza iliyeyusha viinitete zaidi ya 3,000 kwa mkupuo, kwa kuwa muda wa kisheria wa kuvihifadhi ulikwisha na wenyewe hawakujibu barua.

Kutokana na hali hiyo imezaliwa hoja inayowavuta watu wengi: kiinitete kitakachotupwa kwa vyovyote hakipotezi kitu kikitumika kumsaidia mgonjwa. Hoja hii ina nguvu, lakini ina mpaka wake. Mfungwa aliyehukumiwa kifo naye atakufa, na bado hakuna daktari mwadilifu atakayemkata viungo angali hai. Anayeamini kuwa kiinitete ni mtu ataona kosa lilianza siku vilipotungwa vingi kuliko watoto waliohitajika. Msimamo wake unamdai aupinge ugandishaji kama anavyoupinga utafiti, jambo ambalo Kanisa Katoliki limelifanya na wanasiasa wengi waliokopa hoja zake hawakulifanya. Anayekubali kutupa viinitete kliniki lakini anakataa visiguswe na watafiti ana deni la kueleza tofauti iko wapi.

Kutumia vilivyobaki ni tofauti na kuvitunga kwa ajili ya kuvivunja. Aliyevitunga kliniki alitaka mtoto. Anayevitunga maabara hakuwahi kuvitakia uhai. Wengi wanaoruhusu cha kwanza wanakikataa cha pili, ingawa kiinitete chenyewe ni kile kile.

Kufaidika na tendo la mwingine

Mnamo tarehe 9 Agosti 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba fedha za serikali ya Marekani zitatumika tu kwa nasaba za seli zilizokuwepo tayari siku hiyo. Mantiki yake ilikuwa kwamba viinitete vya nasaba hizo vimekwisha kuvunjwa, kwa hiyo kuzitumia hakuviui upya, na kufunga mlango hapo hakumshawishi mtu kuvunja vingine. Ujerumani, ambayo sheria yake ya 1990 inalinda kiinitete vikali, ilifanya vivyo hivyo mwaka 2002: iliruhusu kuagiza nje nasaba zilizopatikana kabla ya Januari 1 mwaka huo. Mwaka 2008 ilisogeza tarehe hadi Mei 1, 2007.

Kusogeza huko kunaonyesha udhaifu wa njia hii. Tarehe inayoweza kusogezwa humwambia mtafiti wa nchi nyingine kwamba kazi yake ya leo huenda ikaruhusiwa kesho, na hivyo inakuwa ushawishi ule ule iliokusudia kuuepuka. Marekani nako, Rais Barack Obama aliiondoa tarehe ya Bush Machi 2009, lakini zuio la Bunge la tangu 1996 dhidi ya kugharimia kuvunja kiinitete chenyewe lilibaki. Hivyo fedha za umma zinaweza kugharimia uchunguzi wa seli, na tendo la kuzitoa linalipiwa na mwingine. Kwa sheria inatosha. Kwa maadili ni mgawanyo wa kazi tu.

Wanawake na mayai yao

Macho yote yanapoelekezwa kwenye kiinitete ni rahisi kumsahau aliyetoa yai. Sindano za homoni zinaweza kumvimbisha mwanamke ovari na tumbo, na mara chache kumfikisha hospitali akiwa taabani. Hwang Woo-suk wa Korea Kusini alidai mwaka 2004 na 2005 kwamba amepata seli shina kutoka katika viinitete vya binadamu vilivyonakiliwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba takwimu zilikuwa za kubuni, na Januari 2006 jarida la Science liliziondoa makala hizo. Ilibainika pia kwamba zaidi ya mayai 2,000 yalikuwa yamechukuliwa kwa wanawake zaidi ya mia moja, baadhi kwa malipo, na wengine ni watafiti waliofanya kazi chini yake. Ridhaa ya mtu ambaye riziki yake iko mikononi mwa anayeiomba si ridhaa ya kutegemewa. Fundisho hili lina uzito mkubwa zaidi pale ambapo umaskini unaweza kufanya yai kuwa bidhaa.

Njia mpya na swali lile lile

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya aliyekomaa ikiongezewa jeni nne hurudi katika hali inayofanana na ya seli shina za kiinitete. Mwaka uliofuata ikafanyika kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na John Gurdon. Wengi walidhani mjadala umekwisha, kwa kuwa seli zilipatikana bila kiinitete kuvunjwa. Umepungua makali, haukuisha. Seli za kiinitete zilibaki kipimo cha kulinganishia zile mpya, na majaribio ya tiba yaliendelea kuzitumia. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 12 wa Parkinson wa Marekani na Kanada waliopandikizwa ubongoni seli zilizokuzwa kutokana na seli shina za kiinitete; jaribio lilionyesha usalama, na bado linahitaji kufuatwa na makubwa zaidi. Mgonjwa anayepinga chanzo cha tiba hiyo atalazimika siku moja kuamua kama ataipokea.

Mpaka wa siku 14 nao umetikisika. Mwaka 2016 maabara za Cambridge na New York zilitunza viinitete hadi siku ya 12 na 13, zikasimama kwa sababu ya mpaka huo. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina iliondoa katazo la jumla na kupendekeza kila ombi lipimwe peke yake. Mwaka 2023 watafiti wa Israel walijenga kwa seli shina kielelezo kinachofanana na kiinitete cha siku 14, bila yai wala mbegu ya kiume. Wanaosema utu huanza pale yai na mbegu vinapoungana hawana neno la moja kwa moja kwa kitu kisichotokana na muungano huo; wanaotegemea hatua za kukua wanapaswa kukipa hadhi ile ile kadiri kinavyokaribia umbo la kiinitete.

Sheria za nchi zitaendelea kukutana na maswali haya. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26, inatamka kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Haisemi lolote juu ya kiinitete kilichoko nje ya mwili, na Nairobi ina kliniki zinazovitunga na kuvigandisha. Mbunge au jaji atakayelazimika kujaza pengo hilo hatapata jibu kwenye hadubini, kwa sababu hadubini huonyesha kiinitete kilivyo, haionyeshi kinachostahili. Atakachoweza kudaiwa ni uthabiti. Akisema ni mtu, akubali gharama yake kwa tiba ya ugumba. Akisema si mtu, aeleze kwa nini kina mpaka wowote na auheshimu mpaka huo hata utafiti unapotamani kuuvuka. Akisema kiko katikati, ataje ni magonjwa gani yanayotosha, nani aridhie, na nani asimamie. Mgonjwa na kiinitete wote wanastahili uamuzi uliofikiriwa hadi mwisho wake.